Kimya Kwenye Inboksi

Ukitafuta kazi Nairobi, kimya hakikushtui. Unatuma CV 30, unajibiwa 2, maisha yanasonga. Ndiyo maana simu yangu iliposasisha mfumo wake usiku na barua pepe zikakoma kuingia, hakuna kilichoonekana kimeharibika. Inboksi tupu ilifanana kabisa na wiki nyingine yoyote ya kutarmac.

Siku ya 9 nikaingia saiba ya mtaani kuprinti vyeti. Kufungua akaunti kwenye kompyuta: barua 17 mpya. Moja ilikuwa inaniita intavyu, kesho yake saa tatu asubuhi.

Msee wa saiba akanituliza. Barua hazikai kwa simu, akasema. IMAP, utaratibu uliobuniwa 1986, huziacha kwenye seva; simu ni dirisha tu. Baada ya apdeti, dirisha langu lilikuwa limefungwa. Tukaingia setingi za akaunti, usawazishaji ulikuwa umezimwa. Tukaingia za betri, programu ya barua ilikuwa imekatazwa kufanya kazi chinichini, eti kuokoa chaji. Tukabadilisha zote mbili. Simu ikalia mfululizo kama kengele ya shule.

Intavyu nilienda. Kazi sikupata. Jibu liliingia jioni ileile nikiwa ndani ya mat, mistari mitatu ya adabu. Liliuma, lakini nililisoma mara mbili. Kukataliwa kuna mwisho, unalala, unaamka, unatuma nyingine. Kimya hakikuachii hata hiyo nafasi.