Tope la Hombolo

Niliambiwa Hombolo si mbali. Kutoka Dodoma mjini ni kama kilometa 40 kuelekea kaskazini-mashariki, lakini Coaster tuliyopanda haikuondoka mpaka ndoo, magunia na kuku wamepata nafasi. Ilikuwa Agosti. Njia nzima niliona mibuyu isiyo na jani, makorongo makavu na mbuzi waliojibanza penye kivuli. Nilishuka, nikapanda bodaboda, na maji yalipong'aa mbele yetu nilidhani ni mazigazi.

Nilikuwa nikitafuta ukuta. Bwawa kwangu lilikuwa zege na milango ya chuma. "Ukuta uko wapi?" nikamuuliza kijana wa bodaboda. Akacheka. "Umeukanyaga, dada." Kumbe kile nilichodhani ni kilima ndicho tuta lenyewe, udongo ulioshindiliwa mwaka 1957, ukaota majani. Upande mmoja maji. Upande wa pili, mbele kidogo, mistari ya mizabibu, kijani kibichi katika nchi ya kahawia.

Mzee mmoja alikuwa akinywesha ng'ombe. Nilimtupia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo niliyofundishwa njiani. Akaitikia, akatabasamu kwa lafudhi yangu, kisha nikakimbilia shikamoo niliyoizoea.

"Maji haya mnakunywa, babu?"

"Onja."

Nikachota kwa kiganja. Chumvi! Si ya bahari, lakini ya kutosha kukunja uso. Jua la Dodoma hunyonya maji na kuiacha chumvi nyuma. Babu akanihesabia kazi za bwawa kwa vidole: mifugo, kufua, zabibu, na perege wa kitoweo. Ya kunywa, alisema, huchota kwingine.

Kilichonileta hasa ni tope. Nilikuwa nimesoma kuhusu bwawa la Ikowa, rika la Hombolo, nalo la mwaka 1957. Watafiti waliolipima hata miaka 15 haijapita walilikuta likijaa tope kwa kasi. Nikamuuliza babu kama hapa nako ni hivyo. Hakujibu. Aliinua fimbo yake, akaichomeka ukingoni. Ikaingia polepole, kama kisu kwenye ugali wa moto, mpaka ngumi yake ikagusa maji.

"Nilipokuwa kijana, hapa hapakuwa pa kusimama," akasema. "Leo ng'ombe wanasimama."

Akageuka na kunyoosha mkono kuelekea unakotoka mto Kinyasungwe Mdogo. Huko juu kuna mashamba, njia za mifugo, miti iliyokatwa. Mvua za Desemba zikianza, ardhi iliyokaa wazi miezi mingi hukokotwa na mto, na mto ukifika kwenye maji yaliyotulia huutua mzigo wake. Maji ya ziada hupata njia ya kutokea. Tope halina pa kwenda. Tuta lilijengwa lizuie maji, nalo likazuia kila kilichokuja na maji.

Saa ya kurudi ilifika. Viatu vyangu vilikuwa vizito kwa tope, nikainama nivisuuze pale ukingoni.

"Mjukuu wangu!" babu aliita. "Hilo kalikung'ute ng'ambo ya tuta. Humu limeshatosha."

Nikapanda tuta, viatu mkononi, nikalikung'utia upande wa mizabibu.