Jiwe la Waridi na Mfuko wa Mawe: Safari Yetu ya Mwadui na Geita

Tulitoka Shinyanga mjini baada ya swala ya alfajiri, watu watatu wa kamati ya msikiti katika gari la kuazima: mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu, mhazini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na katibu, mwandishi wa habari hii. Safari ilikuwa ya Geita, kwa mfanyabiashara wa dhahabu aliyezaliwa katika mtaa wetu. Alikuwa ameahidi kuupamba msikiti kwa marumaru mpya katika ukuta wa kibla na kandili kubwa la vioo litakaloagizwa kutoka ng'ambo.

Mhazini alibeba makadirio ya bei ya kandili. Katibu alibeba daftari la mfuko wa wagonjwa. Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo ulikuwa na habari ya mama mmoja wa jirani ambaye mtoto wake alihitaji upasuaji Mwanza. Tulipitisha kofia Ijumaa mbili mfululizo, na kilichopatikana hakikufika nusu ya gharama. Mtoto alitibiwa, alhamdulillah, lakini shamba la dengu la familia liliuzwa juma lilo hilo, na aliyetaja bei ni mnunuzi, kwa kuwa alijua haraka ya muuzaji.

Basi tulikwenda Geita na maombi mawili yasiyopatana katika gari moja, na tulikuwa hatujakubaliana lipi litangulie.

Mwadui

Barabara ya Mwanza hupita katika nchi tambarare ya Usukuma, yenye majaruba ya mpunga, mashamba ya pamba na mibuyu iliyosimama peke yake. Hapa na pale msafiri huona kipande cha ardhi kilichojaa nyasi na miti wakati pande zote zimekwisha kuliwa na mifugo. Hiyo ni ngitili. Wasukuma huyafunga malisho hayo wakati wa mvua, nyasi zikiwa bado kijani, ili ng'ombe wapate chakula kiangazi kitakapokaza. Desturi hiyo ilikuwa inafifia, mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na kuifufua. Tuliipita ngitili ya kwanza bila kuitafakari. Baadaye tuliikumbuka.

Tulisimama Maganzo, mji mdogo wa madalali wa almasi, karibu na lango la Mwadui. Mgodi huo wa wilaya ya Kishapu uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada. Mwaka 1947 liliokotwa hapo jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Williamson alilitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa malkia. Lilipochongwa lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya vito ya Cartier ikalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Jiwe hilo halikupata kuuzwa, kwa hiyo halina bei.

Lakini lina ndugu lenye bei. Mwaka 2021 mgodi huo huo, ukiendeshwa na kampuni ya Petra, ulitoa jiwe jingine la waridi la karati 32.32, likauzwa likiwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Mnunuzi alilichonga likabaki karati 11.15. Oktoba 2022 lilinadiwa Hong Kong na Sotheby's kwa jina la Williamson Pink Star, likafika dola milioni 57.7. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Jiwe hilo, basi, lina uzito wa gramu 2 na ushei. Lilipoteza theluthi mbili za uzito wake na bei yake ikapanda zaidi ya mara nne.

Nini kiliongezeka? Uliongezeka ustadi wa mchongaji, nao ni kazi ya haki. Viliongezeka pia jina, historia ya malkia, na ukumbi wa matajiri ambao kila mmoja hakutaka mwenzake aondoke nalo. Kitu cha anasa hakipimwi kwa gharama ya kukitengeneza wala kwa haja ya mwenye kukihitaji. Bei yake ni umbali kati ya mwenye nacho na asiyeweza kuwa nacho. Mrabaha wa taifa hukokotolewa kwa thamani ya jiwe ghafi, na sehemu kubwa ya nyongeza huzaliwa mbali na Kishapu. Hata hiyo thamani ya ghafi ina ugomvi wake: mwaka 2017 Serikali ilizuia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam shehena ya almasi za Mwadui, ikidai kuwa thamani iliyoandikwa ni ndogo kuliko ya kweli, na kampuni ikakanusha.

Mwezi uliofuata mnada wa Hong Kong, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, na tope likaingia katika nyumba na mashamba ya kijiji cha Ng'wanholo. Hakuna aliyepoteza maisha. Kazi mgodini ilisimama, na hesabu ya hasara na fidia ikaanza. Mapema mwaka 2025 Petra ilitangaza kuuza hisa ilizobakiwa nazo katika mgodi kwa kiasi kisichozidi dola milioni 16. Msomaji na alinganishe mwenyewe: gramu 2 za jiwe kwa milioni 57.7, na hisa katika shimo lililolitoa kwa milioni 16.

Maganzo tulikaa kwenye kivuli na mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini siku za ujana wake. Alituhadithia nyumba za wafanyakazi, shule, na hospitali ambayo mke wake alijifungulia bila kulipa.

"Na waliokuwa nje ya seng'enge, mzee?" tulimuuliza.

Alicheka kidogo. "Wanangu, hao walikuwa wanatuona. Na sisi mkate wetu ulifungwa kwenye jiwe. Jiwe lilipoadimika, mkate nao uliadimika."

Ubishi wa njiani

Kutoka hapo mpaka njia panda ya Usagara mwenyekiti na mhazini walibishana, na hatukuwazuia.

Mwenyekiti ni mtoto wa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Alisoma bila ada na alitibiwa bila kuulizwa fedha, na kwake soko ni mnyama asiye na haya. "Lile jiwe," alisema, "lingejenga hospitali ngapi?"

"Mwalimu, ulisoma bure, lakini ulikwenda shule bila sabuni," mhazini alimjibu. Yeye anakumbuka simulizi za baba yake kuhusu foleni za sukari na unga za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anaamini kuwa bila ruksa ya Mzee Mwinyi asingekuwa na duka. "Serikali ikipanga bei, bidhaa hukimbia. Waache matajiri wanunue mawe yao. Mwenye kutaka kutoa dola milioni 57 kwa gramu 2 za kioo, na azitoe."

"Na yule mama aliyeuza shamba la dengu? Naye aliuza kwa bei ya soko?"

Mhazini hakujibu.

Tulivuka ziwa Kigongo kwa daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Mahali hapo zamani msafiri alisubiri kivuko, maskini na tajiri katika foleni moja. Leo wote wanapita kwa dakika chache, nasi tuliona kuwa hapo kila mmoja wa wenzetu alikuwa na nusu ya haki. Daraja hilo halikujengwa na soko, wala halikujengwa bila fedha zilizozalishwa sokoni.

Katika mafunzo ya dini yetu mambo hayo mawili yamo pamoja. Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa awapangie watu bei, akakataa, kwa kuchelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Lakini alipompa sahaba Abyadh bin Hammal machimbo ya chumvi ya Ma'rib, kisha akaelezwa kuwa chumvi hiyo ni kama maji yasiyokatika, aliirudisha ibaki ya watu wote. Mwenye soko aliachiwa bei yake, na hazina ya umma haikuachwa ikamezwa na mtu mmoja. Tena wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i wanaeleza kuwa dhahabu ya machimbo ikifikia nisabu haisubiri mwaka kama mali nyingine: zaka yake, asilimia 2.5, inawajibika mara tu inapopatikana na kusafishwa. Fungu la wahitaji hutoka dhahabu ikiwa bado mkononi mwa aliyeichimba, kabla haijapanda ndege na kubadili jina.

Norway hufanya jambo linalofanana na hilo kwa mafuta. Huyauza kwa bei ya dunia, bila kumpunguzia mtu, lakini kwa sheria ya mwaka 1990 mapato ya Serikali yatokanayo na mafuta huingia katika mfuko, na bajeti huchota sehemu ndogo tu kila mwaka. Hapo ndipo tulipoikumbuka ile ngitili ya asubuhi. Mfugaji wa Shinyanga hagombani na mvua wala na jua. Hufunga malisho mapema.

Geita

Geita, makao makuu ya mkoa tangu mwaka 2012, ni mji wenye haraka. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa rasmi mwaka 2000, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 migodi inatakiwa kila mwaka kuwa na mpango wa huduma kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Kwa wachimbaji wadogo, soko la dhahabu lilifunguliwa mwaka 2019, na wakati huo huo kodi mbili zilizowasukuma kwenye magendo ziliondolewa. Tuliingia sokoni humo. Bei ya siku inajulikana kwa kila mtu, na gramu ya maskini ni sawa na gramu ya tajiri. Dhahabu hutofautishwa baadaye, itakapogongwa nembo ya nyumba yenye jina na kuuzwa kwa bei ambayo mizani haiwezi kuieleza.

Mwenyeji wetu alitupeleka kwenye duara lake upande wa Nyarugusu. Hapo tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Mawe yanapotolewa shimoni hutiwa katika mifuko, na mifuko hugawanywa pale pale juu ya udongo: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya wachimbaji. Kila mmoja huondoka na mifuko yake kuelekea karasha bila kujua ndani mna nini. Mgawo hutangulia, bei hufuata. Lakini hatukuona mfuko wa aliyeangukiwa na udongo. Kijana mmoja aliyevunjika mguu alikuwa ameketi chini ya turubai, akiishi kwa michango ya wenzake.

Usiku, baada ya chakula, mhazini alitoa makadirio ya kandili, na sisi tukafungua daftari. Tulimwomba ndugu yetu aligawe lile ahadi lake: nusu ipambe msikiti, nusu iingie mfuko wa wagonjwa.

Alilisoma daftari jina kwa jina, kwani wengi aliwajua. Kisha akatikisa kichwa.

"Wazee wangu, niseme kweli. Sadaka yangu nataka ionekane. Mgonjwa akipona haonekani. Nilitoka mtaa ule na ndala zilizoshonwa, na marehemu mama aliniambia siku moja watu watainua macho walione jina langu."

Hatukuwa na la kumjibu, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumesafiri kutwa nzima na bei ya kandili mfukoni. Kamati iliyolitamani ni yetu. Tajiri wa mnada wa Hong Kong na sisi tulitofautiana kwa idadi ya sifuri tu.

Mwenyekiti ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya darasani. "Mwanangu, kandili ni haki yako, umeahidi. Hatukuombi fedha tena. Katika kila mgawo wa duara lako, tenga mfuko mmoja kabla ya karasha. Nusu ya huyo kijana aliyevunjika mguu na wenzake, nusu ya daftari hili."

"Na ukiwa mawe matupu?"

"Tutakuwa tumepata mawe matupu pamoja nawe."

Alicheka, akasema kuwa mwalimu ndiye aliyemfundisha kuhesabu, na sasa anamfundisha kuhesabu vibaya. Asubuhi alituita duarani, akauweka mfuko mmoja kando mbele ya wachimbaji wake.

Tulirudi Shinyanga bila shilingi. Baada ya majuma mawili simu ilipigwa: mfuko wa kwanza ulitoa gramu 5 na kitu, na fungu letu lilikuwa gramu 2 na ushei, uzito unaokaribiana na wa lile jiwe la waridi. Zililipia matibabu ya wagonjwa wawili. Mfuko wa pili haukutoa kitu.

Kamati imepitisha kanuni, nayo tunaiandika hapa ili mtushike nayo: kila mchango utakaoingia msikitini, hata wa kandili, sehemu yake ya kumi itaingia mfuko wa wagonjwa kabla fedha haijahesabiwa kwa kazi nyingine, na mtoaji ataambiwa hivyo mapema. Hatujasema kuwa hilo linatosha. Kofia ya msikiti haiwezi kuchukua nafasi ya Serikali, nayo mwaka 2016 ilifuta ada ya shule hadi kidato cha nne, na sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Mambo hayo nayo yataishi au kufa kwa swali lile lile: fungu lake limetengwa wapi, na lini?

Kandili litatundikwa, in shaa Allah, kabla ya Ramadhani. Lile shamba la dengu bado li mikononi mwa aliyelinunua. Tumemwendea mara moja kuuliza kama ataliuza, naye ametaja bei mara mbili ya aliyotoa. Tumeiandika katika daftari.