Daftari ya Majina

Sisi kapita wa shule tuko na daftari: kila mwenye kusema Kiswahili katika kelasi, jina lake tunaliandika. Juma hili, katika somo la filozofia, tulijifunza habari za Mfaransa Descartes. Walimu wake walimfundisha kwa Kilatini, lugha ya wenye elimu. Lakini kitabu chake cha mwaka 1637, juu ya njia ya kuongoza akili, alikiandika kwa Kifaransa, lugha ya inchi yake, ili na wasiojua Kilatini wasome, wapime wenyewe.

Tukatazama daftari, haya ikatushika. Mdogo wetu mmoja tulimwandika sababu aliuliza «Kwa nini?» kwa Kiswahili. Kifaransa tunakipenda, tutaendelea kukisoma. Lakini ndugu, ile swali ilikuwa ya kweli. Jina lake tumelifuta.