Mvua Ipi?

Baba yangu huhesabu mizani kwa vidole. Kidole gumba hugusa vile vinne vingine, silabi moja kwa kidole kimoja. Akizunguka mara mbili amepata nane, na ukwapi umetimia. Sijapata kumwona akiandika hesabu hiyo. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, hapa Mwanza, niliona ni kazi ambayo mashine ingeifanya vizuri zaidi.

Tulikuwa tukijifunza lugha ya asembli, ile iliyo karibu kabisa na kichakataji chenyewe, ambamo kila mstari ni amri moja ndogo. Zoezi letu lilikuwa kuhesabu herufi za neno. Wenzangu walihesabu herufi, mimi nikajitwisha mizani. Nilidhani Kiswahili ni chepesi kwa hilo, maana karibu kila mizani huishia kwa irabu. Tafuta irabu, ongeza moja, endelea.

Ndugu msomaji, jambo lililonishangaza ni kwamba lugha hiyo haina neno "ikiwa". Ina kutoa. Amri iitwayo CMP huchukua namba mbili, hutoa moja katika nyingine, kisha hulitupa jibu na kubakiza alama chache tu ziitwazo bendera. Ndani ya mashine herufi a ni 97 na e ni 101. Ukiwa umeshika e, nawe ukaulizia a, mashine hutoa 97 katika 101, hupata 4, huisahau hiyo 4, hukumbuka tu kwamba jibu si sifuri. Ndipo amri ya pili, JE, huitazama bendera: ikiwa ni sifuri, ruka uende nilikokuelekeza, kama sivyo, shuka mstari unaofuata. Uamuzi wote wa kompyuta, hata ule unaoonekana wa ajabu, umejengwa juu ya hesabu kama hizo. Nilipenda sana kujua hivyo. Nilitembea siku nzima nikiwa na siri.

Wala haina "la sivyo". Usipoiamuru iruke kwa JMP, huteremka tu na kutekeleza kila inachokikuta. Nilikuwa nimeipa kila irabu mahali pake pa kuongezea moja, kwa mpangilio wa a, e, i, o, u, nikasahau kuweka JMP baada ya kila mmoja wao. Neno "baba" likapata mizani kumi, kwa kuwa kila a iliteremka kupitia vyumba vyote vitano. "Kuku" likapata mbili, sawasawa, kwa sababu u ilikuwa ya mwisho. Kwa muda wa usiku mmoja niliamini kosa liko kwenye kuku.

Baadaye nikafika kwenye m. "Mtu" lina irabu moja na mizani mbili. Nikaongeza tawi: m ikifuatwa na konsonanti, ihesabiwe peke yake, isipokuwa konsonanti hiyo ikiwa b, v au w, ili "mbegu", "mvua" na "mwana" yabaki na mizani mbili mbili. (N nayo ina vituko vyake, nchi na nta, lakini sitakuchosha.) Nikajaribu maneno mengi, yote yakatoka sawa. Likizo ilipofika nikapanda meli kwenda Nansio, programu yangu ikiwa mkobani.

Baba alinipa daftari lake. Nikaingiza mishororo, mmoja baada ya mwingine, na mashine ikasema nane, nane, nane. Kisha tukafika kwenye huu:

*Mvua dagaa kaja, kiza hakijamtisha*

"Baba, ukwapi huu una saba."

Alizungusha vidole mara mbili. Akarudia tena, polepole.

"Kompyuta yasema saba?"

"Saba."

Hakubisha. Alichukua kalamu, akaandika *Wavua dagaa waja, kiza hakijawatisha*. Nikaingiza. Nane na nane. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Miezi kadhaa baadaye, katika chumba changu cha kupanga Kirumba, si mbali na Mwaloni na harufu yake ya dagaa waliokaushwa, nilikuwa napekua kamusi nikakuta "mbuni" mara mbili. Mbuni ndege ni mbu-ni, mizani mbili. Mbuni mti wa kahawa, ule wanaoupanda ng'ambo ya ziwa kule Kagera, ni m-bu-ni, mizani tatu. Herufi ni zile zile. Hakuna kutoa kutakakozitenganisha, kwa sababu tofauti yao haimo katika herufi. Nilijua papo hapo nilichofanya. Mvua inyeshayo ni mvu-a. Mvua dagaa, yule avuaye, ni m-vu-a. Vidole vya baba vilikuwa sahihi mara zote mbili.

Baba mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi, na usiku mmoja kama huo, kabla sijazaliwa, hakurudi. Ndiyo maana mstari ulikuwa wa mtu mmoja, na ndiyo maana ulisema *kaja*. Mimi nilikuwa nimemgeuza kuwa kundi la wavuvi.

Ningalimwomba baba ausome kwa sauti, nisingalikosea. Kiswahili kina -ngali- kwa ajili ya mambo kama hayo. Mashine haina, bendera zake hukumbuka ulinganisho wa mwisho tu.

Nikaiandika programu upya. Sasa ikikuta mb au mv husimama, huonyesha neno, hungoja mtu abonyeze: moja ikiwa m inasimama peke yake, sifuri ikiwa haisimami. Mwalimu wangu aliona hilo ni kushindwa, akanipunguzia alama mbili. Sikumlaumu.

Jioni hiyo nilimpigia baba simu. Nilimwambia programu imekwama kwenye neno, nataka anisaidie.

"Neno gani?"

"Mvua."

"Mvua ipi?"

Nikamsomea mstari, ule wa kwanza, kama alivyokuwa ameuandika. Upande wa pili nilisikia redio ikipunguzwa sauti. Akakaa kimya kitambo.

"Moja," akasema. "Bonyeza moja."