Breki Kwanza

Ukijaliwa kununua baiskeli ya milimani, huenda macho yako yakavutwa kwanza na uma wa mbele wenye springi. Yangu yalivutwa vivyo hivyo, nikatoa fedha zangu karibu zote kwa ajili ya uma huo. Kumbe nilikosea.

Barabara itokayo Embu kwenda Meru hukata mito mingi iteremkayo kutoka Mlima Kenya, na kila mto una bonde lake. Alasiri moja ya masika nilikuwa nikishuka kutoka Chuka kuelekea daraja la Nithi. Breki zangu zilikuwa za mpira ubanao ukingo wa gurudumu. Mvua ilipoulowesha ukingo, mpira uliteleza. Nilibana kwa nguvu zangu zote, mwendo usipungue. Nilijitupa majanini kando ya njia, nikainuka magoti yakichuruzika damu.

Baadaye nilinunua breki za sahani. Hizo hubana bamba la chuma lililo katikati ya gurudumu, ambako tope halifiki upesi. Zivutwazo kwa waya ni rahisi kutengeneza; za mafuta hushika kwa nguvu zaidi, ila zataka fundi azijuaye. Kabla ya kulipa, hakikisha baiskeli ina mahali pa kuzifungia.

Na springi je? Iliyo hafifu huongeza uzito na kurukaruka tu. Uma mgumu na tairi nene vyatosha mpaka upate fedha nyingine. Mikono iliyochoka hupumzishwa jioni. Aliyekosa breki huenda asiione jioni hiyo.