Riwaya tano za kusoma watoto wakilala, kuanzia penzi la taratibu hadi giza la jela

Kazi ya kuandika habari za afya ina tabia ya kukufuata hadi kitandani. Mchana nakaa na wauguzi wa wodi ya wazazi, au na mama anayesubiri majibu ya vipimo. Usiku simu inaniletea habari zilezile. Mwaka huu nikajiwekea utaratibu: ikifika saa tatu usiku simu inabaki sebuleni kwenye chaji, nami naingia chumbani na riwaya.

Nimemaliza tano kwa namna hiyo, zote za Kiswahili. Dada yangu, mama wa watoto watatu, aliniuliza aanze na ipi, na ipi amwachie binti yake wa kidato cha pili. Jibu nililompa nadhani litawafaa na wazazi wengine. Nimezipanga kuanzia iliyo laini hadi iliyo nzito.

Vuta N'kuvute, Adam Shafi

Kama umechoka na unataka penzi, anzia hapa. Tuko Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Anatoroka, anapokewa na shoga yake Mwajuma huko Ng'ambo, kisha anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na kusakwa na polisi.

Penzi lao linakwenda polepole, katikati ya taarabu na vikao vya siri. Nilichopenda zaidi ni Mwajuma: hana kitu, lakini mlango wake uko wazi. Ukimaliza, tafuta filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na kitabu hiki. Kitabu kimekuwa kikisomwa kidato cha tano na cha sita, hivyo nakala si ngumu kupata.

Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla

Hiki kilichapishwa mwaka 1960 na bado hakijachakaa. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanaanza kunong'ona, na Bwana Msa anakuja na kiko chake kutafuta ukweli kwa akili, bila haraka. Kuna kifo, lakini hakuna cha kumtisha mtoto mkubwa.

Hiki nilimpa mpwa wangu kwanza. Kila jioni alikuwa akiniambia, "Mama mdogo, mimi nishamjua muuaji," na kila jioni muuaji wake alikuwa mwingine. Kisome kwa zamu na wanao, sura moja kwa siku, kila mtu ataje anayemshuku.

Tutarudi na Roho Zetu?, Ben Mtobwa

Kwa akina baba wanaosema hawana muda wa kusoma. Joram Kiango, mpelelezi mtanashati asiyeishiwa mbinu, pamoja na mrembo Nuru, wanapambana na njama za Makaburu wa Afrika Kusini. Kuna risasi, ndege, hoteli na wanawake warembo. Mtobwa hakupi nafasi ya kupumua.

Tahadhari yangu ni moja: usikianze saa nne usiku kama una zamu ya asubuhi. Dukani kinaweza kukusumbua kukipata. Waulize wajomba waliokuwa vijana miaka ya 1980. Wengi bado wana nakala iliyopoteza jalada.

Rosa Mistika, Euphrase Kezilahabi

Hapa giza linaanza, na hapa nataka mzazi akae nami kidogo. Riwaya hii ya mwaka 1971 inatupeleka Ukerewe, kwa mzee Zakaria anayekunywa pombe na kumpiga mkewe, Regina. Binti yao Rosa anaandikiwa barua na mvulana. Baba anaikuta na kumwadhibu kikatili. Rosa anakua akiogopa wavulana. Kisha anakwenda kusoma mbali, ambako hakuna Zakaria, na hakuna aliyewahi kumwambia lolote kuhusu mwili wake.

Wakati fulani kitabu hiki kilizuiwa shuleni. Kina ngono, kina utoaji mimba, kina kujiua. Si cha kumtupia mtoto mezani, na kama nyumbani kuna mtu anayepitia kipindi kigumu moyoni, msimpe asome peke yake. Lakini kliniki ninazotembelea nakutana na akina Rosa wengi. Wengi wao walipigwa marufuku tu, bila kuelezwa sababu.

Dada alikisoma kwanza. Alipofika kwenye ile barua akanipigia. "Mdogo wangu, hapa si nyumbani kwetu?" Baba yetu hakuwa mlevi, lakini dada alipokuwa darasa la saba aliletewa karatasi ya mvulana, na fimbo za siku ile sote tunazikumbuka. Baada ya siku ile dada hakumuuliza mtu mzima yeyote chochote, hadi alipopata ujauzito akiwa na miaka 18. Ujauzito huo ndio mpwa wangu.

Tulinyamaza kwenye simu muda mrefu. Kisha akasema atamsomea binti yake mwenyewe, kwa sauti, na pale penye maneno magumu atasimama waulizane. Wako katikati ya kitabu sasa. Ananiambia maswali ya mtoto yanamtoa jasho, lakini anayajibu.

Haini, Adam Shafi

Hiki ni cha wazazi peke yao. Kimetoka mwaka 2003, na nyuma yake kuna mauaji ya Rais Abeid Karume ya Aprili 1972 na kamatakamata iliyofuata. Shafi mwenyewe aliwekwa kizuizini wakati ule. Anajua mlango wa chuma unavyolia, na anajua mtu anavyohesabu nyayo za askari usiku.

Kuna mateso yaliyoelezwa waziwazi. Kurasa nyingine niliziacha nikarudi kesho yake mchana. Kilichonibakia ni familia zilizo nje: mke anayepika bila kujua kama mumewe yu hai. Ukiwa na wazee walioishi miaka ile, watakusimulia mengi ukiwauliza kwa upole.

Neno la mwisho ni la kiafya. Riwaya nzito zisomwe mapema jioni, nyepesi ndizo za kitandani. Ukiona moyo unakwenda mbio, funga kitabu, mhusika atakusubiri. Na kama mwanao ana kitabu unachokiogopa, usikimbilie kumnyang'anya. Muombe akimaliza akuazime.