Homa Isiyo ya Kuvumiliwa

Mama yangu alilelewa kuamini kwamba mgonjwa mwema ni yule asiyesumbua watu. Alipoanza dripu za saratani ya titi, imani hiyo alikwenda nayo kliniki. Kila baada ya siku 21 tulidamka kuwahi daladala, na kila muuguzi alipomuuliza, "Unaendeleaje, mama?" jibu lilikuwa lile lile: "Namshukuru Mungu."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Baada ya dripu ya kwanza aliona mkojo wake mwekundu, akaamini anakojoa damu. Hofu hiyo alilala nayo peke yake. Kumbe ni rangi ya ile dawa nyekundu, doksorubisini; hutoka na mkojo siku moja mbili, basi. Huenda aliambiwa. Lakini mtu aliyetoka kusikia neno "saratani" hasikii tena kitu kingine.

Siku ya kumi baada ya dripu ya pili nilimkuta amejikunyata chini ya khanga mbili, saa nane ya mchana, jua kali. "Malaria tu hii," akaniambia. "Nimeshameza Panadol." Nani kwetu hajameza Panadol akangoja kukuche? Nikamwekea kipimajoto kwapani: nyuzi 38.6. Nikapiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yake. Muuguzi hakuzunguka: "Mlete sasa hivi."

Alilazwa, akachomwa sindano za antibiotiki. Muuguzi yule alitueleza kwamba dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, na mara nyingi zinakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapo mwili hauna askari, na homa ya nyuzi 38 inaweza kuwa king'ora pekee. Panadol hukizima king'ora, mwizi akabaki ndani.

Usiku ule nilimuuliza mama kwa nini alikuwa akificha. Alikaa kimya kidogo. "Niliogopa wakijua nimedhoofika watanikatia dawa. Tena nilidhani nikiteseka ndiyo dawa inafanya kazi."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha. Kila mgeni aliyekuja kumwona alimsifu kwa uvumilivu. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli, lakini subira ni ya mambo yasiyo na dawa. Kichefuchefu kina vidonge, na humezwa kabla tumbo halijachafuka. Na ukali wa maudhi si kipimo cha nguvu ya tiba: wapo wanaopona bila kutapika hata mara moja.

Nikamnunulia daftari. Mwandiko wake wa shule ya msingi ukarudi: "Siku ya 3, kutapika mara mbili. Siku ya 6, vidonda mdomoni, uji wa moto haupiti." Akajifunza kusukutua kwa maji ya chumvi na kuacha uji upoe. Kipimajoto kikahamia chini ya mto wake, na namba ya kliniki akaikariri.

Dripu ya nne ilipofika, muuguzi akamuuliza kama kawaida, "Unaendeleaje, mama?"

Mama akavaa miwani, akafungua daftari mapajani. "Namshukuru Mungu," akasema. "Sasa tuanze na siku ya kwanza."